Jumapili ya Kwanza Bila Jalidi

Leo majani ya chai hayajaungua.
Nimepita mstari kwa mstari nikiyagusa kwa kiganja:
yana umande tu, maji ya kawaida,
si ile chumvi nyeupe ya Julai
iliyotufungia bwawa.

Gaudensia Nyenza amenitangulia.
Amesimama ukingoni na buti zake za kuchumia,
ananisalimu bila kugeuza shingo:
Kamwene. Punguza miguu.
Samaki husikia kwa mbavu.

Nafungua kopo langu la maziwa ya unga.
Ndoana tisa, moja imepinda;
risasi za kusawazishia tairi, nimeziokota kwa fundi Mafinga;
mpini wa kijiko, nimeukata kwa msumeno wa kazini
nikausugua hadi ukawaka kama dagaa aliye hai
(mke wangu bado anahesabu vijiko);
na minyoo mitatu ya mpira
niliyoichonga kwenye kandambili ya buluu, ya kushoto.
Ya kulia bado naivaa bafuni.

Samaki huyu huku kwetu tunamwita basi.
Waliomleta walimtamka hivyo, wakammwaga kwa ndoo,
wakahama.
Watoto huuliza: basi lipi, la Njombe au la Songea?
Na kweli, hana ratiba.

Maji bado baridi. Nimetia kidole, kikakataa.
Majira haya hakimbizi kitu.
Amelala pale maji yanapobadilika rangi,
kwenye kisiki cha mpaini uliozama bwawa lilipojengwa,
tumbo limemlemea, mdomo umenuna.
Kijiko kinachokimbia atakitazama
kama mlevi anavyotazama mlima.

Ndiyo maana Gaudensia hatumii kijiko.
Anafunga mnyoo, risasi moja,
ncha ya ndoana anaizika ndani ya mpira isinase majani.
Anarusha mbele ya kisiki, si juu yake.
Anauacha uzame.
Kisha hafanyi lolote.

Sijui nieleze vipi kutofanya lolote kwake.
Mimi nanoa misumeno, kazi yangu ni meno na kelele;
mkono wangu ukishika fimbo unataka mbao.
Yeye amechuma majani mawili na kichipukizi
miaka kumi na tisa.
Anavuta kipimo cha ukucha. Anasubiri.
Anavuta ukucha mwingine.

Mimi narusha, navuta, narusha, navuta,
mpaka kisiki kikala kijiko.
Nikakata mshipi kwa meno, kimya.
Mpe shemeji pole, akasema.

Mshipi wake haukushtuka.
Ulihama tu pembeni,
kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka.
Akainamisha ule mlanzi, akahesabu sijui ngapi,
akainua,
na bwawa likafunguka.

Kijani, nene, mstari mweusi ubavuni,
mdomo wa kumeza ngumi yangu.
Tulimpima kwa mizani ya majani: kilo mbili na robo.
Tumbo mayai matupu.
Mimi nilishaanza kuona vitunguu.
Gaudensia alishalowanisha mikono.
Akamshika taya ndani ya maji, mbele, nyuma, mbele,
hadi mkia ukakumbuka kazi yake.

Nilidhani tunakula.
Tutakula, akasema. Wajukuu zake.

Jioni, Nyololo, nilinunua dagaa mafungu mawili,
wakavu, wa Nyasa, wenye macho.
Mke wangu akawatazama, akaitazama fimbo,
akaitazama droo ya vijiko.
Ndiyo basi lenyewe hilo?

Usiku ule nilivua.
Nilivua kandambili ya kulia,
nikatafuta kisu.